Goroli Iliyoingia kwa Ulaini

Bado nina hasira, na nalisema mapema ili anayetafuta habari za kusameheana asipoteze muda wake hapa. Nina hasira na klabu moja ya kulenga shabaha iliyo chini ya ardhi huku ughaibuni, mtaa wa Anderlecht. Nina hasira na msimamizi wake. Nina hasira na marehemu babu yangu, Mungu amrehemu, na siku nyingi za juma nina hasira na mimi mwenyewe. Mtu mmoja tu sina hasira naye, na ndiye aliyenyang'anywa ufunguo wa kabati la baruti. Ufunguo ulikuwa wake, ila aliyeupoteza ni mimi.

Nianzie kwenye damu, maana ndiyo kazi yangu. Natoa watu damu katika hospitali moja huko Woluwe-Saint-Lambert. Wanaketi, wananyoosha mkono, wanageuza uso ukutani, nami natafuta mshipa. Asubuhi moja akaketi mzee wa Kikongo mwenye koti lililopigwa pasi mpaka kwenye kwapa. Karatasi ya daktari wake ilitaka apimwe kiasi cha madini ya risasi katika damu. Nilipoinama kumfunga mpira mkononi, harufu ikanipiga: yai viza na moshi. Nilikuwa sijaisikia tangu nina miaka kumi na miwili, nyumbani kwa babu, kusini ya Tabora.

"Mzee, wewe umetoka kufyatua bunduki," nikamwambia kwa Kiswahili.

Aliruka kidogo. "Eh! Maman, weye unatoka wapi?"

"Tabora."

"Tabora! Bon. Na hiyo pua yako iko ya polisi?"

Nikacheka, naye akacheka, nikamchoma sindano hata hakusikia. Alikuwa mtu wa Likasi, fundi mitambo aliyestaafu, mjane, umri umevuka sabini. Wakongo wa hapa humwita kila mwanamume mtu mzima papa, nami nikafuata. Siku ile aliniambia kwamba Jumamosi zake zote zilikuwa za bastola, bastola ya mtindo wa zamani inayoshindiliwa baruti nyeusi kwa mkono, tundu moja baada ya jingine, na kwamba goroli zake alizisubu mwenyewe jikoni, ndiyo maana daktari alikuwa akimfuatilia damu. Akaniuliza kama nataka kuja kuona. Nikasema nataka. Nilisema haraka mno, nadhani, kwa mwanamke aliyevaa koti jeupe la hospitali.

Babu yangu alikuwa mrina asali na mwindaji, na alikuwa na gobore. Gobore unalishindilia kwa mdomoni: baruti kwanza, halafu goroli iliyofungwa kitambaa kilichopakwa nta, unasukuma kwa mdeki mpaka chini. Hakuwa na mizani. Alitumbukiza mdeki akatazama umepanda kiasi gani juu ya mdomo wa mtutu, akapima kwa vidole: vitatu kwa digidigi, vitano kwa nguruwe pori. Na goroli ilikuwa lazima iwe ndogo kuliko mtutu, iteremke kwa ulaini, kitambaa kijaze nafasi iliyobaki. "Ikiingia kwa nguvu, si yake," alisema. "Itakwama katikati, na moto utakurudia usoni."

Aliwaambia hayo kaka zangu. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika pembe ya baruti na kunyamaza. Hakuna aliyewahi kunifundisha gobore. Niliiba kwa macho, na kitu cha wizi unakishika kwa nguvu kuliko kitu cha kupewa. Hapo ndipo hasira yangu na babu inapoanzia. Angenifundisha kama alivyowafundisha wenzangu, huenda angeniambia sababu. Mimi niliondoka na vitendo tu.

Klabu iko nyuma ya maghala, dakika chache kutoka kituo cha metro. Unashuka ngazi za zege, unapita mlango wa chuma, unakuta vibanda vinane vya kufyatulia na mafeni makubwa ya kunyonya moshi. Ukutani kuna kabati la chuma la baruti. Kanuni yao ni kwamba siku ya Jumamosi kabati lile hufunguliwa na mtu mmoja tu, saa nne asubuhi, naye hupimia kila mmoja baruti yake. Mtu huyo alikuwa papa. Alikuwa mwanachama kwa miaka kumi na tisa, na kumi na mmoja ya hiyo aliitumia kusubiri ufunguo ule. Vijana waliojiunga nyuma yake walipewa funguo nyingine baada ya miaka miwili. Yeye alisubiri, akafagia, akatengeneza mafeni yao yalipoharibika, akasubiri tena. Alipoupata akautia kwenye pete ya shaba aliyoichonga mwenyewe. Kila Jumamosi alifika saa tatu na nusu, akasimama mbele ya kabati, na saa nne kamili likafunguka. Aliniambia, kwa fahari ya mtu asiyejisifu kwa kingine, kwamba hakuna mtu aliyewahi kumsubiri.

Ili mgeni aingie klabuni, mwanachama mmoja lazima amdhamini kwa jina lake. Papa akaandika jina lake chini ya langu.

Jumamosi ya kwanza alinionyesha bastola yake. Ina silinda yenye matundu sita, na kila tundu unalilisha kwa mbele. Unamimina baruti. Unaongeza semolina kidogo ili kujaza nafasi. Wazungu hutumia semolina ya ngano, lakini papa alitumia ile nyeupe ya mahindi anayosongea bukari, yaani ugali wa kwao, aliyoinunua Matonge, mtaa wa Wakongo. Unaweka goroli mdomoni mwa tundu, unavuta wenzo ulio chini ya mtutu, nao unaisukuma ndani. Unapaka mafuta juu. Mwisho kabisa unavika fataki, kile kikofia kidogo cha kuwashia, nyuma ya kila tundu.

"Baruti, greni vingt," alisema, yaani ishirini, uzito wa gramu moja na kitu. "Hapana kupita."

"Kidogo hivyo, papa?"

"Ni ya karatasi, maman. Karatasi haikimbiake."

Halafu akanipa goroli. Kibweta kiliandikwa 454, kipimo cha upana wake. Nikaiweka juu ya tundu, ikakaa pale kama yai kwenye kikombe. Ilikuwa kubwa kuliko tundu. Nikadhani amekosea kibweta.

"Hii haiingii, papa."

"Itaingia. Unavuta kwa nguvu. Unaona? Iko nakatwa pembeni." Wenzo ukashuka, na pete nyembamba ya risasi ikabanduka kutoka kwenye goroli, ikaanguka mezani. Papa akaiokota, akaniwekea kiganjani. "Ukiona pete, donc mulango imefungwa. Usipoona pete, usifyatue."

Maneno hayo niliyasikia. Siwezi kusema sikuambiwa. Lakini moyoni babu alikuwa anasema ikiingia kwa nguvu si yake, na babu nilimjua kabla ya papa.

Jumamosi tatu nikashindilia hivyo hivyo, na vibaya. Mkono wangu umezoea sindano, haujazoea wenzo. Goroli mbili zilikaa upande. Msimamizi, mtu mmoja mrefu mwenye miwani kwenye kamba, alikuja akasimama nyuma yangu, akatazama, akasema kwa Kifaransa chake laini kwamba bibie angekula kwanza kabla ya kuja. Watu wa kibanda cha pili wakacheka. Jumamosi iliyofuata nilimweleza, kwa heshima kabisa, kwamba kwetu goroli huwa ndogo na hufungwa kitambaa. Akanipigapiga begani kama anayemtuliza mtoto, akasema, "Hapa si kijijini, madame."

Papa alikuwa karibu. Alisikia. Akainamisha macho, akaendelea kupangusa kipimo chake cha shaba. Nilirudi Schaerbeek, ninakokaa, nimesimama kwenye tramu njia nzima. Kijijini! Babu yangu alilisha watu kumi na watano kwa bunduki aliyoitengeneza mhunzi kwa bomba la maji, na huyu, anayetoboa karatasi kwa kujifurahisha, ananiambia kijijini! Hapo ndipo nilipoamua. Ndiyo, niliamua. Halikuwa kosa la bahati mbaya.

Nilikwenda kwenye duka la bunduki, nikataka kuona goroli zote za kadiri hiyo. Muuzaji akanipangia vibweta: 457, 454, 451, na pembeni 440. Nikauliza hii ndogo ni ya nini. Akasema ni ya bunduki ndefu za kushindiliwa, si ya bastola, hiyo hufungwa kitambaa. Kitambaa! Niliposikia neno hilo niliona mzungu huyu ananikabidhi babu yangu kwenye kibweta. Yale maneno mengine, si ya bastola, yakapita kama upepo. Nikanunua 440. Nyumbani nikakata upindo wa khanga yangu kuukuu, nikapaka nta, nikakata viduara sita.

Jumamosi ile ilikuwa ya kupimwa. Mgeni hushindilia peke yake, mdhamini anamtazama hatua kwa hatua, kisha anatia sahihi. Saa nne kamili kabati likafunguka. Nikamwambia papa, "Leo niache. Usinitazame mikono, utanitia wasiwasi. Mimi ni mjukuu wa fundi."

Papa angeweza kukataa. Kanuni ilimtaka akatae. Lakini alinitazama, na nadhani alikumbuka jinsi nilivyopigwapigwa begani. Akanigeuzia mgongo, akamwelekea msimamizi, akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka kibanda cha mwisho kwamba huyu anajua, kwao ni mambo ya baruti tangu kwa babu. Aliniamini kwa mgongo. Kila nikikumbuka mgongo ule na koti lake lililopigwa pasi, nataka kuvunja kitu.

Nikamimina greni thelathini badala ya ishirini. Semolina sikuweka. Nikafunga goroli katika khanga, nikavuta wenzo, ikateremka kwa ulaini, bila pete. Ya pili vivyo hivyo, mpaka ya sita. Mafuta sikupaka kwa sababu kitambaa kilikuwa na nta. Nilikuwa natabasamu. Nilitaka msimamizi aje aone jinsi isivyohitaji nguvu.

Nikalenga, nikafyatua.

Nilivuta mara moja, zikatoka tatu. Moto ulipita mbele ya silinda, ukapenya kando ya vile vitambaa, ukaingia kwa majirani wa kushoto na kulia. Bastola iliniruka mkononi. Goroli moja ilikwenda kwenye karatasi, nyingine ikaingia kwenye mbao za kibanda, na ya tatu ikagonga chuma ikapasuka. Kipande kilimpata papa shavuni, chini kidogo ya miwani ya kukinga macho. Alikuwa ndiyo kwanza anageuka kunitazama.

Msimamizi akapaza sauti kila mtu aweke silaha chini. Mafeni yalivuma. Akachukua bastola, akatoa silinda, akachokoa tundu moja kati ya matatu yaliyobaki kwa koleo dogo, akavuta kitambaa. Kilikuwa na nusu ya ua jekundu la khanga yangu. Akakiinua mbele ya taa wote wakione.

"Nani ameshindilia hivi?" akauliza.

Papa alikuwa ameshika leso shavuni, damu imefika kwenye ukosi. "Ni mimi niliyemfundisha," akasema kwa Kifaransa. "Nilimwonyesha vibaya. Yeye hana kosa."

Nilivuta pumzi tatu. Nazikumbuka zote tatu. Katika yoyote kati ya hizo ningeweza kufungua mdomo, na mdomo wangu, unaojua kujibu madaktari, ulikaa kimya. Msimamizi akanyoosha kiganja. Papa akatoa pete ya shaba mfukoni, akahangaika kuutoa ufunguo kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa na leso, na hakuna aliyemsaidia. Akaweka ufunguo kwenye kiganja kile. Pete akarudisha mfukoni.

Sasa, kwetu jambo hili lina njia yake. Mkubwa akibeba kosa la mdogo mbele za watu, mdogo hunyamaza. Halafu anakwenda nyumbani kwa mkubwa, haendi mikono mitupu, anapiga magoti anaomba radhi, na mkubwa ndiye anayeamua kama kosa litafunuliwa au litazikwa. Hilo nililijua tangu utoto. Nililiona likifanyika zaidi ya mara moja kwenye baraza la babu. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilitaka kitu cha haraka. Siku ya Alhamisi, bila kumwambia papa, nikaenda peke yangu mbele ya kamati ya klabu.

Walikuwa watu watatu na kahawa. Nikawaeleza yote kwa Kifaransa nilichokipanga njiani: kibweta cha 440, khanga, greni thelathini, jinsi nilivyomwomba asinitazame. Nikasema papa alinifundisha sawasawa, mimi ndiye niliyefanya kiburi. Nikasema mrudishieni ufunguo wake. Waliitikia kwa vichwa. Mmoja akaniambia ninastahili pongezi kwa uaminifu. Msimamizi alikuwa anaandika. Akainua kalamu, akauliza kwa utulivu, "Kwa hiyo alitudanganya?"

Mungu wangu. Nilikuwa sijaliona hilo. Nilikuja na mzigo wangu nikaushusha juu ya kichwa cha mzee wa watu.

Barua mbili zilitoka juma lililofuata. Yangu ilisema muda wangu wa kujaribiwa umeongezwa miezi mitatu, na kwamba klabu inathamini ukweli. Ya papa ilisema ajali inaweza kumpata yeyote, lakini mtu wa baruti akisema uongo hawezi kuaminiwa tena. Wakamtoa uanachama. Miaka kumi na tisa. Mimi niliyelipua wakanibakiza, na yeye aliyenifunika wakamtupa nje, kisha wakaita jambo hilo kanuni. Nilipiga simu nikapiga kelele. Niliuliza kama wangemfanyia hivyo mtu aliyesubiri miaka miwili badala ya kumi na mmoja. Wakaniambia bibie atulie. Sijatulia.

Nilikwenda kwa papa Jumapili. Anakaa ghorofa ya sita katika nyumba za kupanga za manispaa, Anderlecht hiyo hiyo. Alikuwa anasonga bukari, barua iko juu ya friji. Plasta shavuni ilikuwa imeanza kuchanika pembeni.

"Nani alikutuma kule?" akauliza bila kugeuka.

"Hakuna, papa. Nilitaka kusema ukweli."

"Ile ukweli haikuwa yako peke yako. Miye nilikuwa nimeshaifunika." Akazima jiko, bukari haijaiva. "Ile siku nilikuwa mukubwa asiyeangalia mutoto. Bon, ile inafika kwa kila muntu. Sasa niko mukubwa mwenye bongo, mwenye kusema uongo. À mon âge, na hii miaka yangu! Barua inasema mensonge. Batoto yangu banasoma ile barua, alors nitabaambia nini?"

Nilipiga magoti jikoni pale, kwenye vigae vyake, nikiwa nimechelewa majuma mawili. Mfuko wa sukari na pakiti ya majani ya chai nilikuwa nimevishika mkononi, sikujua pa kuviweka. Hakuniinua upesi. Alinitazama sana. Halafu akachukua sukari akaitia kabatini, nami nikajua radhi imepokelewa, ingawa hasira yake ilikuwa bado iko mezani.

"Nitaacha klabu yao," nikasema. "Siendi tena."

"Hapana." Sasa alipaza sauti. "Ukitoka, batasema tulikuwa babili na bote tumeenda. Utabaki. Utashindilia sawasawa. Mbele yabo."

Basi tukaanza. Kila Jumapili, baada ya kula, aliitandika meza gazeti na kuweka bastola tupu juu yake. Baruti haikuwepo. Badala yake tulitumia semolina ile ile kwenye kopo, kipimo cha shaba, greni ishirini za unga wa bukari. Juu yake goroli 454. Vuta wenzo, ona pete, sukuma goroli itoke, anza upya. Mkono uliuma mpaka ukaacha kuuma. Safari hii nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kumuuliza babu: kwa nini?

Papa akafikiri, akagonga silinda kwa ukucha. "Babu yako alikuwa na haki. Alikuwa na tundu moja. Moto yake ilikuwa na njia moja tu, kwenda mbele. Weye uko na sita, zinalala ukuta kwa ukuta kama nyumba za hapa kwa sisi. Ukiwasha moto kwa nyumba yako, unafunga kwanza mulango ya jirani."

Kwa hiyo babu hakukosea. Alisema kweli, kweli ya gobore, na mimi nikaibeba mpaka kwenye kitu ambacho hakuwahi kukiona. Hata hivyo hasira yangu naye haijaisha. Sentensi moja tu ingetosha, na alikuwa na jioni zote za utoto wangu za kuisema.

Miezi mitatu ikaisha. Jumamosi ya kupimwa nikafika saa tatu na nusu, nikasimama mbele ya kabati. Msimamizi, ambaye sasa ndiye mwenye ufunguo, alifika saa nne na dakika ishirini akiwa na kikombe cha kahawa. Watu saba tulikuwa tunamsubiri, hakuna aliyenung'unika.

Nilipewa bastola ya klabu. Nikapima greni ishirini. Nikatia semolina kutoka kwenye kopo la papa, na msimamizi akaiona, akaiacha. Nikaweka goroli 454, nikavuta wenzo, pete ikaanguka. Nilishindilia matundu matano, moja likabaki tupu chini ya nyundo kwa usalama, kama papa alivyotaka, nikapaka mafuta juu ya kila goroli, nikavika fataki. Nikafyatua mara tano, zikatoka tano. Zote zilikuwa ndani ya duara jeusi, mbili zimegusana.

Msimamizi akaleta fomu. Kuna mstari unaouliza mtahiniwa amefundishwa na nani. Akaniambia niandike jina la klabu. Nikaandika jina la papa, la kwanza na la ukoo. Akachukua kalamu yake akalikata mstari mmoja ulionyooka, akasema huyo si mwanachama, na tena yeye mwenyewe alikiri mbele ya wote kwamba alinifundisha kitambaa.

"Mmeandika katika barua yenu kwamba aliposema hivyo alidanganya," nikamwambia. "Barua yake ninayo. Kama alidanganya, hakunifundisha kitambaa. Basi alinifundisha nini?" Nikachukua zile pete tano za risasi, nikaziweka juu ya fomu yake, moja moja. "Alinifundisha hizi."

Nikaandika jina lile tena pembeni, kwa kalamu niliyoikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Watu wa kibanda cha pili safari hii hawakucheka. Mwisho akatia sahihi, akanirudishia nakala, akaenda kuwapimia wengine baruti. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye utepe wa plastiki shingoni mwake, karibu na kamba ya miwani. Nimefaulu, na hakuna kilichorudi.

Jumapili nikapanda ghorofa ya sita. Nikampa papa karatasi ya shabaha, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu, akaguna. Fomu hakuiomba. Aliomba pete. Nikazimimina kiganjani mwake. Akazipapasa kwa kidole gumba, macho yake siku hizi si mazuri, akazihesabu. "Un, deux, trois, quatre, cinq." Akainuka, akafungua droo, akatoa ile pete ya shaba isiyo na ufunguo, akaiweka mezani pamoja na zile za risasi.

"Nani alifungua kabati?" akauliza.

"Yeye mwenyewe."

"Saa ngapi?"

Nilitaka kumdanganya. Nafasi ya kumfunika nilikuwa nayo, safari hii ilikuwa zamu yangu. Lakini alikuwa ananitazama usoni.

"Saa nne na dakika ishirini, papa."

Alikaa akiwa ameshika pete ya shaba, kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama anayeuliza habari za mgonjwa, "Na bantu balimungojea?"

"Walimngojea."

"Na hakuna mutu alisema kitu?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa. Akaanza kukunja gazeti la mezani, pembe kwa pembe, taratibu, nami nikakaa pale nimekunja ngumi chini ya meza.